Vidonge vya Nyoka

Mpepai, Mbinga
14 Januari 2024

Mdogo wangu Joakim,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba karatasi hii ikukute mzima huko Ngumbo, wewe na Margareta, na ziwa lisiwe limewasogelea zaidi ya pale lilipofika mwaka jana. Mimi nipo. Mvua zimekuja vizuri, mahindi yananifika kiunoni, na kahawa imeweka punje nyingi, ingawa mibuni aliyoipanda marehemu mume wangu Wendelin imezeeka kama mimi. Jirani yangu Augustino amepata mjukuu wa tano. Paroko mpya wanamsifu kwamba hahubiri kwa kirefu. Mimi naona tu midomo inafunga mapema.

Masikio yameisha, Joakim. La kushoto halina kitu kabisa, la kulia linasikia mtu akilikaribia na kupaza sauti. Ndiyo maana nakuandikia kama zamani ulipokuwa chuoni. Augustino alinionyesha namna ya kusoma ujumbe kwenye simu yake, lakini herufi zile ni ndogo kama mayai ya chawa. Ataipeleka barua hii Mbinga siku ya kuuza maharage, ampe dereva wa gari la Mbamba Bay, na kutoka hapo Mungu mwenyewe ajue.

Sasa nina swali, nawe ni mtu wa dawa. Tangu Novemba anakuja kwangu binti mmoja, Edina, kwao Kigonsera. Anauza virutubisho. Ameniletea chupa ya vidonge vilivyotengenezwa kwa sumu ya nyoka. Si sumu yenyewe, anasema, ni kitu kilichotolewa ndani ya sumu, kinaitwa peptidi. Kinalainisha mishipa, kinaondoa maumivu ya magoti na kuirudisha presha mahali pake. Kwenye chupa wamechora nyoka amejiviringa juu ya jani, na wamempaka rangi nzuri hata humwogopi. Nameza viwili asubuhi, viwili jioni. Magoti naona yana nafuu. Juzi nilishuka mpaka mtoni bila fimbo.

Niambie ukweli, unavijua vidonge hivi?

Msalimie sana Margareta. Mwambie nimemwekea maharage ya njano.

Dada yako,
Walburga


Ngumbo
11 Februari 2024

Dada Walburga,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, imelowa pembeni kwa sababu barabara imekatika na kipande cha mwisho imeletwa kwa mtumbwi. Nashukuru kusikia unashuka mtoni. Huku hatujambo. Maji yamemeza choo cha jirani na uwanja tuliokuwa tukianikia usipa, kwa hiyo sasa watu wanaanika dagaa zao juu ya mabati, na paka wa kijiji kizima wamehamia huko juu. Margareta anashukuru kwa salamu na kwa maharage.

Habari ya vidonge nimeisoma mara mbili. Nitakujibu kama nilivyokuwa nikiwajibu wagonjwa pale dirishani. Peptidi ni vipande vidogo vya protini. Protini ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye samaki, maharage na mayai. Ukiila, tumbo linaikatakata mpaka haijulikani ilikuwa ya nani. Sumu ya nyoka inaua kwa sababu jino linaipitisha chini ya ngozi. Tumbo ni njia nyingine. Sasa hicho walichokitia kwenye kidonge, kama kweli wamekitia, kitalipitaje tumbo bila kukatwakatwa, mpaka kikafike kwenye goti lako?

Usije ukasema nakuficha. Ipo kweli dawa ya presha iliyoanzia kwa nyoka. Wataalamu walimchunguza nyoka mmoja wa Brazil wakakuta ndani ya sumu yake kitu kinachoteremsha presha. Lakini hawakukichota wakakiuza. Walikaa miaka maabara wakitengeneza dawa nyingine inayofanya kazi kama kile, inayoweza kulivumilia tumbo, wakaipima kwa watu, wakajua kiasi chake na madhara yake. Katika vidonge ulivyopewa kliniki, kile kidogo cha asubuhi ni cha ukoo huo. Kwa hiyo kama unataka dawa ya nyoka, unayo tayari, ila chupa yake haina picha.

Nina swali moja tu na mimi. Vidonge vya kliniki unaendelea kuvimeza? Nijibu hilo, hata kama hutajibu lingine.

Mdogo wako,
Joakim


Mpepai
10 Machi 2024

Mdogo wangu,

Salaam katika Kristo. Sijambo. Mvua imezidi, ukungu hauondoki mpaka saa nne. Wiki hii watu wote wako mashambani, wanaume wanakata nyasi, wanawake wanafukia kwa udongo, mashimo mapya ya ngoro ya kupandia yanapanda mlima kama sega la nyuki. Mimi mwezi huu siendi huko, unajua. Nakaa nyumbani nachambua mbegu.

Maelezo yako nimeyaelewa. Unaeleza vizuri, hujapoteza. Nilimsomea Edina.

Huyu binti anakuja kila Alhamisi. Anavua viatu mlangoni, anakaa upande wangu wa kulia na kupaza sauti: "Bibi, umelalaje?" Kisha anangoja jibu. Anaosha vyombo bila kuombwa. Wiki iliyopita aliona kucha zangu za miguu zimekuwa ndefu kwa sababu siwezi kuinama, akachemsha maji, akaniwekea miguu kwenye beseni, akanikata zote kumi.

Nilipomaliza kumsomea barua yako aliinamisha kichwa.

"Huyo Babu ni daktari?" akaniuliza.

"Alikuwa mganga wa zahanati. Sasa amestaafu."

"Kwenye semina walituambia wenye dawa zao watatupinga."

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi naona Bibi unatembea," akasema.

Basi ndivyo ilivyo. Unasema kile cha nyoka tumboni kinakuwa chakula tu. Na kiwe chakula. Nyoka alishakula kwangu, Joakim. Kama sasa ni zamu yangu kumla yeye, sioni kosa. Hilo tuliache.

Mbona siku hizi Margareta haongezi mstari wake chini ya barua kama alivyozoea? Mwambie nangoja.

Nawatakia Pasaka njema.

Walburga


Ngumbo
7 Aprili 2024

Dada Walburga,

Shikamoo. Pasaka imepita salama. Padri hakuweza kufika kwa sababu ya barabara, tukasali rozari wenyewe, watu kama ishirini. Ziwa bado limepanda.

Nilikuuliza swali moja ukanijibu habari za kucha. Nilifanya kazi zahanati miaka thelathini na mbili, najua mgonjwa anayekwepa swali amekwisha kulijibu. Umeacha vidonge vya presha. Kama nimekosea, niambie.

Nitasema wazi maana mimi ndiye ndugu pekee uliyebaki naye. Hao watu hutafuta wajane. Wanatafuta nyumba yenye mtu mmoja, magoti mabaya na kahawa shambani. Wanakaa, wanauliza umelalaje, wanaosha vyombo. Anakukata kucha ili ununue, Dada. Mwambie asikanyage tena kwako, chupa tupa chooni, uende kliniki wiki hii hii. Presha haiumi. Inakaa kimya, na siku ikisema inasema mara moja.

Mdogo wako,
Joakim


Ngumbo
26 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Huu ni mwezi wa pili sijapata kitu kutoka kwako. Labda barua yangu ilikuudhi, labda haikufika. Wiki mbili zilizopita nilimpigia Augustino simu, akasema, "Mzima, namwona kanisani." Nikamwuliza, "Anatembeaje?" Akasema, "Polepole, kama siku zote." Niliposema akupe simu nikakumbuka haina maana.

Maji yameanza kurudi nyuma. Yameacha matope na kiatu kimoja cha mtoto mbele ya mlango wangu. Nimemtuma kijana wa mashua na debe la usipa mkavu, mwambie Augustino alifuate stendi ya Mbinga.

Niandikie hata mstari mmoja.

Joakim


Mpepai
23 Juni 2024

Mdogo wangu Joakim,

Tumsifu Yesu Kristo. Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Mkono ni wa Edina, maneno ni yangu, na nimemwambia aandike kila ninachosema hata kile kinachomhusu yeye.

Usipa umefika, asante. Kahawa imeiva. Augustino na wanawe wananichumia, wanaipeleka kwenye mashine ya kumenya pamoja na yao. Baridi ni kali mno mwaka huu.

Nilianguka Alhamisi ya tarehe 30 Mei. Niliamka nikaenda jikoni kuwasha moto, kiberiti kikaniponyoka. Nikainama kukiokota, nikajikuta niko chini, na mkono wa kulia upo pale mbele yangu kama wa mtu mwingine. Nilijaribu kumwita Augustino. Kilichotoka mdomoni sikijui, maana mimi sikisikii, lakini najua hakikuwa Augustino. Nililala pale nikitazama mlango. Jua liliingia, likasogea mpaka kwenye kinu. Nilijua ni Alhamisi. Nilikuwa nangoja Alhamisi, Joakim, hicho tu.

Edina alifika kama saa tatu. Alikimbia kumwita Augustino, wakanibeba mpaka barabarani, wakapata gari la kahawa. Hospitali walipima presha, mia mbili na kumi. Daktari akapaza sauti kuuliza ninatumia dawa gani. Edina akatoa ile chupa yenye nyoka kwenye pochi yake akaiweka mezani. Daktari akaisoma pande zote. "Na za presha?" akauliza. Edina akanitazama. Nami sikuweza kusema, nikatikisa kichwa.

Nililala wodini siku kumi na moja. Mdomo ulipinda, umenyooka. Maneno yamerudi, mengine yanachelewa. Mguu unakokota. Mkono ndio bado.

Sasa nakujibu. Niliacha vidonge vya kliniki mwezi wa kumi na mbili. Vilinifanya nikohoe kavu usiku kucha, na kliniki ni mbali, na nikifika wanasema nami sisikii, wanapaza sauti mpaka foleni nzima inajua ninachoumwa. Hivi vya nyoka vililetwa mlangoni na mtu aliyekaa. Hakuniambia niache. Niliacha mwenyewe.

Uliandika kwamba ananikata kucha ili ninunue. Huenda. Lakini wewe hukuja kunikata bure. Ulikuja kumzika Wendelin, ukasimama pale nje ya ua wakati wenzako wako ndani, ukaondoka kabla ya chakula. Kabla ya hapo, sijui ni miaka mingapi. Lami imefika Mbamba Bay. Tuseme ni barabara mpaka lini?

Na Margareta yuko wapi?

Dada yako,
Walburga

Babu, shikamoo. Hapa ni mimi Edina, Bibi amenipa ruhusa niongeze. Ni kweli sikumwambia aache dawa. Lakini mwezi wa kwanza aliponiambia ameziacha, sikumwambia azirudie. Nilifurahi, maana kwenye semina ule ulikuwa ushuhuda mzuri. Nimeacha kuuza. Bado ninakuja Alhamisi. Nisamehe.


Ngumbo
14 Julai 2024

Dada Walburga,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne. Namshukuru Mungu uko hai, namshukuru na Augustino. Yule binti mwambie nimesoma mistari yake. Kikohozi kile kikavu kinaletwa na kile kidonge kidogo cha asubuhi, wako watu kinawatokea. Ungenieleza ningekuambia uombe wakubadilishie, zipo nyingine. Usizimeze za nyoka wala usiache za kliniki tena.

Margareta yuko Mwanza kwa binti yetu Luisa, huu ni mwaka wa pili. Alikwenda kumlea mjukuu. Mjukuu ameanza chekechea naye hajarudi. Hatujagombana. Siku anaondoka alisema kwamba kukaa peke yako kunavumilika kuliko kukaa na mtu asiyesema. Salamu nilizokuwa nakuletea kutoka kwake nilizitunga mimi. Nilipika mwenyewe, nikala mwenyewe, kisha nikakuandikia "hatujambo".

Sasa lile lingine. Edina, kama ni wewe unamsomea, mwachie asome mwenyewe.

Machi ya mwaka 1997 wewe na Wendelin mlimleta Stephano pale zahanati nilipokuwa nafanya kazi. Alikuwa anakata nyasi za ngoro na kifutu alimuuma mkononi. Mlimbeba kwenye machela ya miti. Mkono ulikuwa umevimba mpaka begani, ngozi inang'aa. Alinisalimia. Alisema, "Shikamoo Mjomba," na akaomba maji. Wewe ukaniuliza, "Dawa ya nyoka ipo?" Nikakuambia, "Haipo."

Ilikuwepo. Ilikuwepo chupa moja ndani ya jokofu la mafuta ya taa, nyuma ya chanjo. Ililetwa kutoka wilayani miezi miwili nyuma, pamoja na karatasi yake. Karatasi ilisema dawa hiyo yenyewe inaweza kumziba mtu pumzi akafa pale pale, na uwe na sindano ya kumrudisha. Sindano hiyo sikuwa nayo. Sikuwahi kuitumia dawa ile hata siku moja. Niliiogopa, Dada. Niliona mtoto wako wa pekee anakufa na sindano yangu ikiwa mkononi mwake, na wewe umesimama unatazama. Nikaona afadhali afe kwa nyoka. Sikulifikiri kwa maneno hayo, lakini ndivyo nilivyofanya. Nikasema haipo, nikawatafutia gari la kwenda hospitali ya misheni. Alikata roho njiani, nawe ukarudi kunishukuru kwa gari.

Ile chupa ilikaa mpaka tarehe yake ikapita. Niliiandika kwenye daftari kwamba imeharibika, nikaichimbia shimo.

Kwa hiyo si barabara. Kila nikifikiria kuja kwako naona nitakalishwa kwenye kiti kizuri, nitapewa kuku, na utaniita mtu wa dawa. Wewe uliandika kwamba nyoka alishakula kwako. Ungeniuliza mimi. Yule binti amesema kwa mistari mitatu kitu kilichonishinda miaka ishirini na saba.

Siombi kitu.

Joakim


Mpepai
4 Agosti 2024

Joakim,

Nimeisoma. Naandika kwa mkono wa kushoto ili asijue mtu.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

W.


Mpepai
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Joakim,

Tumsifu Yesu Kristo. Mkono wa kulia unashika kijiko, kalamu bado, kwa hiyo huu ni wa kushoto tena na umeanza kuzoea. Nimechukua siku tatu kuiandika barua hii. Kahawa imekwisha, Augustino ameniuzia vizuri. Mvua za kwanza zimenyesha wiki hii. Edina amepata kazi ya kushona Mbinga mjini, anakuja Jumapili badala ya Alhamisi. Presha yangu sasa ni mia moja na arobaini. Walinibadilishia kile kidonge, sikohoi.

Wiki za kwanza nilikuchukia. Lazima ujue. Nilikuwa naamka asubuhi na jambo la kwanza kichwani ni lile jokofu. Niliiona chupa hata rangi yake, ingawa sijawahi kuiona. Nilikumbuka kwamba nilikupikia, nilikuombea misa ulipougua, mwanangu alikusalimia. Nilitaka kuchoma barua, nikashindwa, maana mahali pengine popote hapajaandikwa kwamba aliomba maji. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimebaki na uvimbe tu.

Wendelin nilimwambia. Nilikwenda makaburini na fimbo, Edina amenishika, nikamwambia akae mbali, nikasema yote kwa sauti. Sijui nilipiga kelele kiasi gani. Niliporudi Edina alikuwa analia, kwa hiyo nadhani alisikia. Sikumzuia.

Mwezi wa tisa nilipokwenda kliniki nilimngoja daktari hadi foleni ikaisha. Ni yule yule aliyeisoma chupa. Nilikuwa nimeandika swali kwenye karatasi, nikampa: kifutu, mkono, kijana wa miaka kumi na saba, saa nne tangu kuumwa, chupa moja ya dawa. Je, angepona?

Aliisoma, akaniuliza kitu sikusikia. Nikampa kalamu. Akaandika: "Ni nani huyu, Bibi?"

Nikamwambia ni mwanangu, zamani.

Daktari akaandika, na ninayo hapa, nainakili: "Kwa kifutu tunaanza na chupa kadhaa, mara nyingine nane au zaidi. Chupa moja ni kidogo mno. Ingeweza kumsaidia kidogo, au isimsaidie, au imdhuru bila ile sindano nyingine. Siwezi kukuambia angepona. Siwezi kukuambia asingepona."

Nilirudi nyumbani nikiishika karatasi ile kifuani. Nilipofika ndipo nilipokasirika upya, lakini kwa jambo lingine. Wewe ulilijua hilo, Joakim. Miaka thelathini na mbili kwenye kazi ile, ulijua chupa moja si kitu mbele ya kifutu. Uliniandikia kurasa tatu, uliniandikia jokofu, mafuta ya taa, shimo ulilochimba, na hilo ukaliacha. Ulitaka nikuchukie bila kubakiza. Ulikuwa umejihukumu kabla hujaniletea kesi. Mimi ndiye mama yake. Hukumu ilikuwa yangu, na ulinipa nusu ya ushahidi.

Basi naitoa. Ulinidanganya. Ulipaswa kusema, "Dada, ipo moja, naiogopa." Ningeogopa pamoja nawe, Wendelin naye, tungeamua watatu. Huenda tungekuambia mchome. Huenda tungekuambia acha. Hicho ndicho ulichoninyima, na hicho sijakisamehe, na sijui kama nina umri wa kutosha wa kukisamehe. Kumwua hukumwua. Usilibebe tena, maana hata kulibeba kwako kulinikosesha ndugu, na nilikuwa nimebaki na mmoja.

Nimekusamehe kiasi gani sijui. Nadhani kiasi cha kutaka uje.

Usinijibu kwa barua. Barua zako ni nzuri mno, unajificha ndani yake. Panda gari Mbamba Bay, shuka Mbinga, Augustino atakufuata kwa pikipiki. Usilete usipa, usilete dawa. Kuku sitachinja, kwa mkono huu siwezi, na kiti kizuri kilivunjika. Utakaa upande wa kulia na utapaza sauti, na kama utanyamaza kama ulivyomnyamazia Margareta nitakurudisha kwa gari lile lile.

Nimefungua chumba cha Stephano. Edina alikifagia Jumapili, tukaanika godoro juani. Kitanda chake ni kifupi, alikuwa bado anakua. Utalala umekunja miguu.

Dada yako,
Walburga